Mcheza Kwao Hutunzwa: Nyimbo Zetu na Safari ya Mtandaoni

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika sherehe ya Yubile ya Miaka 25



Kamati ya yubile iliniomba nizungumzie jambo moja ambalo limekuwa likijadiliwa kila baada ya mazoezi kwa karibu mwaka mzima sasa. Je, tuzipeleke nyimbo zetu mtandaoni? Na tukizipeleka, tufanyeje ili zifike mbali bila sisi kupoteza kwaya yetu?

Vijana wanauliza kwa nini kwaya ya umri huu haina hata chaneli. Wazee wanauliza kama sala haitageuka kuwa tamasha. Watunzi wanauliza ni nani atakayelinda kazi zao. Maswali yote matatu ni ya haki, na sikuja hapa kumnyamazisha yeyote. Nimekuja kueleza ninachoamini baada ya kusoma, kuuliza na kusikiliza: mtandao utatufaa iwapo tutauingia kama tunavyoingia katika jumuiya, kwa kutoa kabla ya kupokea, kwa kutaja majina ya watu na kwa kuwekeana taratibu. Tukiuingia kama watu waendao sokoni kutafuta umaarufu, tutachoka mapema na tutagombana.

Kwanza tukumbuke kwamba nyimbo za kanisa zimekuwa zikisafiri tangu zamani. Zile nota za solfa tunazoandika ubaoni, do, re, mi, zilienezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover. Nia ilikuwa kwamba mtu asiye na kinanda wala pesa za mwalimu wa muziki aweze kujifunza wimbo kwa kipande cha karatasi. Wamisionari wakazileta kwetu, na mpaka leo fundi wa mitambo aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni anaweza kushika karatasi na kuimba besi yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, mlango ulifunguka kwa lugha zetu na midundo yetu, na watunzi wa Afrika Mashariki wakaanza kuandika kwa wingi. Baadaye zikaja kanda za kaseti, kisha CD na DVD. Wengi wenu hapa mlijifunza nyimbo kwa kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ili betri za redio zisiishe.

Angalieni pia nyimbo tunazoimba kila Dominika. Nyingi zimetoka Tanzania. Tunaimba kazi za Bernard Mukasa, na tumejifunza mengi kwa kuisikiliza Kwaya ya Mtakatifu Kizito, Makuburi, ya Dar es Salaam. Mwalimu wetu wa kwaya hupata nota nyingi kutoka Swahili Music Notes, maktaba ya mtandaoni ambako watunzi huweka karatasi za nyimbo zao na kwaya yoyote huzipakua. Ukifungua wimbo pale unaona jina la mtunzi, unaona umepangwa chini ya Majilio, Pasaka, Mama Maria, shukrani au mazishi, na unachukua karatasi yake bila kulipa hata senti. Maana yake ni kwamba kuna mtu ambaye hatujawahi kumwona, aliyekaa usiku akaandika sauti nne, akapanga maneno chini ya nota, kisha akatupa sisi wa Thika.

Kwa hiyo, tusiseme kwamba tunafikiria kuingia mtandaoni. Tumo tayari. Tumekuwa wapokeaji kwa miaka mingi. Swali letu la yubile ni kama sasa tuko tayari kuwa watoaji. Katika kabati la kwaya kuna madaftari yenye nyimbo zilizotungwa na wanakwaya wetu wenyewe. Baadhi ya watunzi wametangulia mbele ya haki. Baadhi ya nyimbo zina sauti ya kwanza tu kwenye karatasi. Sauti tatu zilizobaki zimo vichwani mwa akina mama wawili au watatu walioketi hapa mbele. Tusipozirekodi na kuziandika wakiwa nasi, hata bila kuvamiwa na mwizi yeyote, tutazipoteza.

Sasa naomba niseme tufanye nini.

Jambo la kwanza: tuanze na walio karibu nasi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtu anayeanza kuonyesha kazi yake mtandaoni mara nyingi humtazama mtu wa mbali asiyemjua, akawasahau wale ambao tayari wanampenda. Sisi tunao watu wetu. Wapo wanakwaya wa shifti ya usiku viwandani ambao wiki mbili kati ya nne hawawezi kufika mazoezini. Wapo waliohamia Ruiru, Juja na Githurai kwa sababu ya kazi au kodi ya nyumba. Wapo waliorudi mashambani baada ya kustaafu. Na wapo dada zetu waliokwenda kufanya kazi Saudia, nchi ambayo haina kanisa hata moja la kwenda Dominika. Kwa dada kama huyo, rekodi ya dakika nne ya kwaya ya nyumbani kwao ndiyo Misa anayoweza kuisikia akiwa jikoni kwa watu, ameweka simu sikioni.

Hawa ndio wasikilizaji wetu wa kwanza. Tuanze nao kwa njia rahisi: kila wimbo mpya, viongozi wa sauti warekodi sauti yao pekee, soprano, alto, tenor na besi, kila moja faili yake, na zitumwe katika kundi la WhatsApp la kwaya. Mtu wa shifti atajifunza sehemu yake ndani ya matatu. Rekodi kamili ya wimbo iende kwa waliohama. Wakiipenda wataituma kwa wengine bila kuombwa, na hapo ndipo kukua kunapoanza.

Jambo la pili: tutoe kabla ya kuomba. Nimeona makundi ya waimbaji ambayo kila siku yanatuma kiungo kilekile na ombi lilelile: tazameni, jiungeni, sambazeni. Hawajawahi kusema neno moja kuhusu wimbo wa mtu mwingine. Ni kama jirani anayebisha hodi kila siku kuomba chumvi, na kwake hakuna anayekaribishwa. Baada ya muda watu hawafungui mlango.

Sisi tufanye hivi. Tukiimba wimbo wa mtunzi fulani na tukaurekodi, kwanza tumwandikie kumwomba ruhusa, kisha tuandike jina lake chini ya wimbo, na baadaye tumtumie salamu tumwambie ulivyopokelewa. Tukisikia kwaya ya kigango jirani imefanya vizuri, tuseme ni nini kilicho kizuri: labda tenor waliingia kwa pamoja, labda maneno yalisikika. Neno "hongera" peke yake halimsaidii mtu sana. Na tukiweka wimbo wetu, tuweke pamoja na karatasi ya nota. Kwaya nyingine ikiweza kuuimba wimbo wetu, wimbo umepata maisha ya pili. Ikiweza kuutazama tu, umepata dakika nne.

Upo mfano mmoja wa nchi ya mbali unaonisaidia kueleza hili. Mtunzi wa Marekani aitwaye Eric Whitacre alitumiwa video na msichana mmoja aliyempenda. Msichana yule hakuomba umaarufu. Alijirekodi akiimba sehemu ya soprano ya wimbo wa mtunzi huyo kisha akamtumia kama salamu. Whitacre akawaza: je, kama watu wengi wangejirekodi hivyo, kila mmoja sauti yake, kisha rekodi zikaunganishwa? Mwaka 2010 alitoa wimbo "Lux Aurumque" ulioimbwa kwa njia hiyo na watu 185 kutoka nchi 12, wengi wao hawajawahi kukutana. Miaka kumi baadaye, makanisa ya Kenya yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kwaya nyingi duniani zilijua la kufanya kwa sababu ya kazi ya namna hiyo. Yote yalianza kwa mtu mmoja aliyetuma kitu kidogo kwa mtu aliyethamini kazi yake.

Jambo la tatu: tuwe tayari kusahihishwa. Wimbo ukitoka nje ya ukumbi wetu utakutana na masikio ambayo hayatujui. Mwalimu wa muziki wa Mwanza au Kitui anaweza kuandika kwamba alto wetu wameshuka nusu nota katika ubeti wa pili. Akisema hivyo, ametupa zawadi. Tumshukuru, turudi mazoezini, tusikilize tena. Mwingine ataandika matusi, au atakejeli sare zetu. Huyo hajibiwi. Kama ametukana mtu, maneno yake yafutwe na kazi iendelee. Naomba pia mwanakwaya yeyote asimjibu mtu kwa niaba ya kwaya akiwa na hasira saa sita usiku. Majibu ya kwaya yatolewe na waliopewa jukumu hilo, na kwa lugha ambayo tungeitumia mbele ya Baba Paroko.

Jambo la nne ni ubora, na hapa sisemi tununue kamera. Simu nyingi tulizo nazo zinatosha kwa kuanzia. Kinachotuangusha ni mahali na mpangilio. Ukumbi wetu unasikia malori ya barabarani na ving'ora vya viwanda. Basi turekodi saa ambazo barabara imetulia, madirisha yakiwa yamefungwa. Mapazia na mablanketi ukutani hupunguza mwangwi. Simu isishikwe mkononi. Iwekwe juu ya kitu imara, mbele ya kwaya, kimo cha vichwa vya waimbaji, mbali na spika ya kinanda. Kinanda kipunguzwe mpaka mpiga kinanda alalamike. Hapo ndipo maneno yataanza kusikika. Tujirekodi mara mbili au tatu, tusikilize pamoja, tuchague. Mtu anaweza kuvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti ikikwaruza atafunga baada ya sekunde kumi.

Tukumbuke pia kalenda ya Kanisa. Wimbo wa Noeli ukiwekwa tarehe 23 Desemba umechelewa, kwa sababu kwaya nyingine zilianza mazoezi ya Noeli Oktoba. Wa Majilio utoke Oktoba, wa Kwaresima utoke Januari, wa Pasaka utoke Kwaresima ikianza. Wimbo mmoja kwa mwezi, uliofanyiwa mazoezi, pamoja na nota zake, unatosha kabisa. Haba na haba hujaza kibaba. Kwaya inayoweka nyimbo kumi kwa wiki moja kisha ikanyamaza mwaka mzima huwachosha watu wake na kuchoka yenyewe.

Jambo la tano: hesabu. Kuna watu wanaoamini kwamba chaneli italipia sare mpya na kinanda kipya. Naomba tufanye hesabu kama tunavyowafundisha watoto darasani. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo kwa video za kawaida, inataka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12. Wimbo wetu wa dakika tano ukitazamwa mpaka mwisho mara 12, hiyo ni saa moja. Kwa saa 4,000 tunahitaji kutazamwa kikamilifu mara 48,000. Na wengi hawatazami mpaka mwisho. Ukifika hapo ndipo unaanza kustahili; hujalipwa bado.

Sisemi haiwezekani. Wako waliofika mbali zaidi ya hapo. Waimbaji wa familia ya Zabron wa Kahama, Tanzania, walijulikana Kenya nzima kwa nyimbo zao mtandaoni, hata wakaja kuimba Kasarani siku ya kuapishwa kwa Rais mwaka 2022. Wimbo "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini ulizunguka dunia mwaka 2020 baada ya kikundi cha wachezaji wa Angola kujirekodi wakiucheza, sahani za chakula mkononi. Lakini hata Master KG hakupanga kwamba wacheza ngoma wa Luanda wafanye vile. Jambo kama hilo likija, tutamshukuru Mungu. Bajeti ya kwaya isipangwe juu yake. Bajeti ibaki pale ilipo: michango yetu, harambee na ukarimu wa waumini.

Na tusinunue wafuasi. Kuna watu wanaouza wafuasi hewa kwa mia mbili mia tatu. Hao hawasikilizi wimbo, hawaji yubile, na YouTube yenyewe huwafuta. Dada mmoja Saudia anayesikiliza wimbo wetu kila siku ni bora kwetu kuliko majina elfu yasiyo na masikio.

Jambo la sita ndilo zito, na naomba watunzi wanisikilize vizuri: haki ya mtunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo wako unalindwa tangu pale unapouandika au kuurekodi. Ulinzi huo unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, ili familia yako isinyimwe. Si lazima uusajili ndipo uwe wako. Lakini kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kunakupa ushahidi siku ya ubishi, na kunafanyika kwa njia ya mtandao. Tena, katika wimbo mmoja kuna haki mbili ambazo watu huzichanganya: haki ya aliyetunga, na haki ya waliogharimia na kutengeneza rekodi. Mtunzi anaweza kuwa mwanakwaya mmoja, na rekodi ikawa ya kwaya nzima iliyolipa studio.

Tusipoandika mambo haya sasa, tutayagombania baadaye. Je, mtunzi akihamia kwaya nyingine, rekodi inabaki wapi? Je, wimbo ukiwekwa kuwa mlio wa Skiza, pesa zinaenda kwa nani? Sheria ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwenye wimbo apate asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya milio hiyo ya simu, na hata fungu dogo linaweza kugawanya kwaya isiyo na makubaliano. Nimewahi kuona kwaya nzuri ikivunjika kwa pesa ambazo hazikufika elfu ishirini. Kwa hiyo napendekeza kila wimbo wetu uwe na karatasi moja ya makubaliano, yenye jina la mtunzi, mwandishi wa maneno, mwaka, nani aligharimia rekodi na mapato yatagawanywa vipi, ikitiwa saini na mtunzi na mwenyekiti mbele ya shahidi. Kwa watunzi waliofariki, familia zao ziitwe, ziulizwe na zitie saini.

Kuhusu majina, nitoe mfano wa Kongo. Mwaka 1958, kule Kamina, kwaya iliyokuwa chini ya Padre Guido Haazen kutoka Ubelgiji iliimba na kurekodi "Missa Luba", Misa ya Kilatini kwa mitindo ya kuimba ya Kikongo. Misa ile imesikika dunia nzima, hata katika filamu ya Uingereza ya mwaka 1968, na hapa kwetu Muungano National Choir ya Boniface Mganga iliirekodi upya mwaka 1990. Jina la padre linatajwa karibu kila mahali. Majina ya watu waliobuni na kuimba zile sauti hutajwa kwa nadra sana. Sisi tusiwafanyie hivyo watu wetu. Chini ya kila wimbo tuandike mtunzi, mwalimu, mpiga kinanda, wapiga ngoma na kayamba, na mwimbishaji. Kuandika mistari mitano hakugharimu kitu.

Tujue pia kwamba YouTube ina mtambo uitwao Content ID unaolinganisha sauti na rekodi zilizokwisha kusajiliwa. Ukitumia muziki wa mtu uliopakuliwa tu, mtambo utautambua, na mapato yanaweza kwenda kwake au video ikazuiwa. Ndiyo sababu ruhusa tuliyoandikiwa na mtunzi ihifadhiwe kwenye faili la katibu, isibaki maneno ya simu.

Jambo la saba: funguo za nyumba. Kwaya moja ninayoifahamu ilifunguliwa chaneli na studio iliyowarekodi. Studio ikatumia barua pepe yake. Miaka mitatu baadaye wakakosana kuhusu malipo, na kwaya haikuweza kuingia tena. Nyimbo bado zinaonekana, watu wanazitazama, lakini wenye nyimbo wako nje ya mlango wao wenyewe. Sitaitaja kwaya wala studio. Nataka tu tujifunze. Chaneli yetu ifunguliwe kwa barua pepe ya kwaya na laini ya simu ya kwaya. Maneno ya siri yajulikane na maafisa watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila uchaguzi ukifanyika yabadilishwe na makabidhiano yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kama tunavyokabidhi kinanda na ufunguo wa kabati. Rekodi zote zihifadhiwe pia nje ya mtandao, katika diski mbili, moja ofisini kwa parokia.

Jambo la nane: heshima. Nasema na wazee wetu hapa, kwa sababu wasiwasi wao ni wa kweli. Misa si jukwaa. Kwa hiyo napendekeza video zetu zirekodiwe nje ya Misa, katika mazoezi au siku maalumu, ili pasiwe na mtu anayepita na simu mbele ya altare wakati wa mageuzo. Ikihitajika kurekodi ndani ya Misa, iwe kwa ruhusa ya Baba Paroko na kwa simu iliyosimamishwa mahali pamoja. Katika mazishi, nyuso za wafiwa zisirekodiwe. Tuliitwa kuwafariji.

Na watoto. Wanakwaya wetu wadogo wanapendeza sana kwenye video, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia picha ya mtoto. Hili si jambo la maandishi tu. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwaya yetu haiwezi kulipa pesa hizo hata tukiuza vinanda vyote. Zaidi ya faini, mtoto ni wa mzazi wake. Tuandae fomu, mzazi asome, aulize, atie saini au akatae. Akikataa, mtoto aendelee kuimba kama kawaida, na asimame mahali ambapo simu haimfikii.

Wapendwa, namalizia kwa maombi matatu. Yataletwa katika mkutano mkuu wa kwaya mwezi ujao, na nawasihi myafikirie kuanzia leo mkiwa bado na furaha ya yubile.

Ombi la kwanza: kabla ya kuweka video yoyote, tutumie miezi mitatu kurekodi na kuandika nota za nyimbo zote zilizo kwenye madaftari yetu. Akina mama wanaozijua sauti zilizopotea wapewe usafiri na chai, na vijana wenye simu nzuri wakae nao wawasikilize. Hii ndiyo kazi ya haraka kuliko zote, kwa sababu hatujui siku wala saa ya yeyote kati yetu.

Ombi la pili: tupitishe karatasi ya makubaliano ya watunzi na fomu ya wazazi, baada ya kupata ushauri wa waumini wenzetu ambao ni mawakili.

Ombi la tatu: tuchague kamati ndogo ya watu watano, wakiwemo vijana wawili na mzee mmoja, itakayosimamia chaneli na kuripoti kila robo mwaka. Na ripoti hiyo isiseme tu ni wangapi walitutazama. Iseme tumewaandikia watunzi wangapi, kwaya ngapi zimeomba nota zetu, na ni nani kati ya watu wetu walio mbali ametutumia salamu. Tukihesabu hayo, tutajua kama tunakua.

Waanzilishi wetu, mlianza na ngoma moja na daftari moja, mkafundishana kwa mdomo baada ya kazi za viwandani, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama. Nyimbo mlizotuachia zimetuzika wapendwa wetu, zimetuozesha na zimebatiza watoto wetu. Ni haki yenu zisikike nje ya Thika zikiwa na majina yenu juu yake.